Aliyezama na Tausi, sehemu ya tisa: Ukuta wa Boksi

Mlango ulijifunga nyuma ya Nyaboke, na mle gizani mtu akakohoa.

Hapo ndipo tulipoachana, na najua wapo waliolala vibaya wiki nzima. Haya, amkeni.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha pekee. Khm, khm, kisha kimoja kidogo cha mwisho, kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyesafisha koo namna hiyo, naye alizama na meli ya Tausi kwenye Ziwa Victoria miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwili haukuonekana. Mama yake akazika shina la mgomba badala yake, kama ukoo wao unavyofanya. Nyaboke, mjane, akanyolewa kichwa kando ya kaburi la huo mgomba.

"Nani hapo?" Nyaboke akauliza.

"Mimi? Mimi ni Method. Natokea Houston, dada. Nimeambiwa nisubiri humu."

"Dedan."

Viti vya plastiki vikakwaruzana gizani.

"Umenifananisha, jamani."

"Mtu hafananishwi gizani, mjinga wewe! Na hiyo 'jamani' umetoa wapi? Kohoa tena."

"Sina kikohozi."

"Kohoa!"

Akajikaza. Akabana midomo. Lakini koo lilikuwa limezoea kazi yake. Khm, khm... khm.

Kofi la kwanza la Nyaboke lilipata viti vya plastiki. La pili likapata shavu.

Kwa anayeingia leo, tuko kwenye stoo ya ukumbi wa kukodi mjini Richardson, Texas. Ni Jumapili baada ya ibada. Wakenya wa Dallas na vitongoji vyake wamejaa ukumbini kutazama dokumentari ya ajali ya Tausi, iliyotengenezwa na binti anayeitwa Whitney. Katikati ya filamu alitokea manusura mmoja, uso umefichwa, sauti tu ndiyo inayosikika. Nyaboke aliisikia sauti ile, pumzi zikamwishia, akakimbilia nje kutafuta hewa. Akakosea mlango.

Mlango wa stoo hauna kitasa kwa ndani. Vénant, Mrundi anayeutunza ukumbi, amekuwa akisema atakitengeneza tangu Krismasi. Swichi ya taa ya stoo nayo iko ukumbini pamoja na zile nyingine, na zote zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya filamu. Simu ya Nyaboke ilibaki kwenye mkoba, na mkoba ulibaki kwenye kiti.

"Una simu?" akauliza.

"Whitney alinichukulia. Alisema isije ikalia kabla hajaniita jukwaani. Nilikuwa niwe surprise."

"Umekuwa."

Nyaboke akaanza kuugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Sasa sikilizeni bahati yake. Upande wa pili, filamu ilikuwa imefika pale Tausi ilipokwisha kupinduka, tumbo juu, waokoaji wanatembea juu yake, na walionaswa ndani wanagonga chuma ili wasikike. Du, du, du, kutoka kwenye spika. Du, du, du, kutoka stoo. Hakuna aliyetofautisha. Akina mama wa kitongoji cha DeSoto walilia mpaka leso zikaisha.

"Spika za siku hizi!" mzee mmoja akanong'ona. "Ni kama wamo humu humu."

"Tufungulieni!" Nyaboke akapiga kelele.

"Maskini," wakasema akina mama, wakapeana leso.

Alipochoka akaegemea mlango.

"Uko hai," akasema. Alisema kama karani anayesoma shtaka.

"Niko hai."

"Mimi nimekuvalia nguo nyeusi. Mama yako amezika ndizi!"

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nimelazwa zahanati, upande wa Tanzania. Redio ikawa inasoma majina ya waliokufa, nikasikia langu. Nyaboke, wewe ni nesi, utanielewa. Nilipolisikia tu, mgongo wote ukalegea. Maana kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Karo ya huyu, mabati ya yule, kamati ya harusi, kamati ya matanga. Mtu aliyekufa haombwi kitu."

Kofi la tatu halikuhitaji mwanga.

Akaeleza mengine huku anajikinga na kiti. Alivyoteremka hadi Dar es Salaam. Alivyojiita Method. Alivyopata kazi ya jikoni kwenye meli za mizigo, yeye aliyetoka majini kwa kushikilia dumu la mafuta! Mpaka siku moja meli ikafunga gati Houston, mpishi akashuka kununua vitunguu, na meli ikaondoka na supu isiyo na vitunguu.

"Unaishi na nani huko?"

"Peke yangu."

Alijibu haraka mno.

"Peke yako?"

"Na paka."

Nyaboke akavuta pumzi. "Basi sikiliza. Mimi Jumamosi naolewa."

Kiti kikaanguka.

"Unaolewa na nani?"

"Anaitwa Mark. Anafanya kazi Plano, na yuko hapo nje. Kadi zimeshatoka. Mama yako mwenyewe amekuja kutoka Kisii kunisindikiza, maana alisema mimi ni binti yake sasa, na binti hawezi kukaa kando ya mgomba maisha yake yote."

"Mama yuko hapa?"

"Kiti cha mbele."

Dedan akaangusha kiti cha pili. Aliponyanyua sauti tena, ule Utanzania ulikuwa umemtoka.

"Huwezi kuolewa. Mume wako yuko hai."

"Mume wangu ni mgomba!"

"Nyaboke, leo nimesikia jina langu likisomwa tena kwenye hiyo filamu, kati ya wafu. Mara ya kwanza nilipumzika. Leo nimeumia. Nimechoka kuwa Method. Mlango huu ukifunguliwa, nitatoka nikiwa Dedan, na mbele ya watu wote nitasema wewe ni mke wangu."

Nyaboke alihisi stoo ikipungua. Viti vilisogea, ukuta ukasogea, hata dari ikashuka kidogo. Mbele yake kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango Mark, na Jumamosi. Akitoka na mtu huyu, Jumamosi hakuna.

Ndipo mambo yakageuka. Aliyekuwa akigonga akaacha, na aliyekuwa kimya akaanza kugonga.

"Wacha!" Nyaboke akamvuta shati.

"Tufungulieni!" akapaza Dedan. Du, du, du!

Filamu ikaisha. Muziki ukaisha. Ukumbi ukawa kimya kama maji.

Kugonga kukaendelea.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mtu akakimbilia swichi, na taa zote zikawaka, ya stoo ikiwemo.

Na Nyaboke akamwona.

Alimjua Dedan mwembamba, mwenye nywele kama msitu. Huyu kichwa kilikuwa uwanja mtupu, na tumbo, lo, tumbo lilikuwa limekula kila sufuria iliyopita baharini. Macho tu ndiyo yaleyale. Macho ya mtu anayetafuta pa kutokea.

"Umezeeka," Nyaboke akasema.

"Wewe umependeza."

"Nyamaza."

Huko nje Whitney alikuwa ameshika kichwa. "Oh my God! Method! I totally forgot him!" Akawageukia watu. "Msiogope, ni yule survivor. Alikuwa a-surprise watu mwisho wa filamu. Nilimwambia angoje kwa stoo."

"Na mimi niko humu!" Nyaboke akaita.

"Nyaboke?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mark. "Unafanya nini huko?"

"Nilikosea mlango!"

"Ufunguo niko nao, musiogope," akasema Vénant, akija kwa mwendo wake wa taratibu. "Hii kitasa, Krismasi ijayo lazima nitaitengeneza."

Nyaboke akamshika Dedan kola. Akanong'ona kwa kasi. "Nakuomba kitu kimoja tu. Toka kama Method. Wapungie mkono, piga picha, rudi Houston kwa paka wako. Usinivunjie Jumamosi."

"Sitaki."

"Dedan, tafadhali."

Ufunguo ukaingia kwenye tundu. Dedan akajinyoosha shati, akajiweka sawa kama mgombea ubunge. Na kwa vile alikuwa na jambo zito la kusema, akafanya alichokuwa akifanya siku zote kabla ya jambo zito.

Khm, khm... khm.

"Usifungue!" sauti ikatoka ukumbini.

Kwenye kiti cha mbele mwanamke mzee alikuwa amesimama na fimbo yake. Mama Bosibori, aliyemzaa Dedan na kumzika. Alikuja mpaka kwa Vénant, akamwondoa mkono kwenye ufunguo, akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango wa stoo na kukikalia.

"Mama," akasema Mark, "Nyaboke yuko ndani."

"Najua, baba. Na mwenye kikohozi hicho najua pia. Nilikisikia usiku mwingi kabla hajajua kutembea. Ni mwanangu."

Ukumbi ukavuma. Whitney akaiwasha kamera.

"Sasa kama ni mwanao, tufungue, mama!" akasema Mark.

"Nilishamzika. Matanga yake yameliwa, ng'ombe amechinjwa. Kwetu, mtu aliyeliwa matanga hapiti mlangoni. Akipita, anayeondoka badala yake ni yule aliye karibu na mlango."

Ungewaona! Manesi wenye shahada, wahasibu, mzee wa kanisa, na daktari wa meno anayemiliki nyumba mbili, wote kwa pamoja walirudi nyuma. Hakuna aliyeamini, lakini hakuna aliyebaki karibu na mlango. Mark peke yake ndiye aliyesimama, na hata yeye alijisogeza nusu hatua, nilikuwa namwangalia miguu.

"Sasa atapita wapi?" akauliza Vénant.

"Pasipo mlango. Ukuta utobolewe. Atoke kichwa kwanza, kama mtoto, na aliyemzaa amwite jina. Jina nitakalomwita ndilo atakuwa. Akishatoka yeye, binti yangu atapita mlangoni vizuri."

"Na nisipomruhusu apite?" Nyaboke akaita kutoka ndani.

"Hapo mtazeekea humo."

Vénant akaugonga ukuta kwa kidole. Ukalia kama sanduku.

"Hii si taabu, Mama. Ukuta za Amerika ni boksi. Boksi na unga ya chaki." Siku za kazi Vénant yuko ghala la mizigo, na kile kisu cha kukatia maboksi hakimtoki mfukoni. Akakitoa. "Baba wa ndani! Kaa mbali na ukuta!"

Krrr, krrr. Unga mweupe ukaanguka. Ndani ya stoo Nyaboke aliona ncha ya kisu ikipenya, ikishuka, ikizunguka, na mwanga ukiingia kwa mstari. Akaikumbuka picha ya filamu, wale waokoaji wakikata chuma cha Tausi, na wale wa ndani wakiitazama ncha ile. Wao walikuwa wakiomba ifike upesi. Yeye aliomba ivunjike.

Haikuvunjika. Kipande cha ukuta kikatoka chote.

"Shimo ni dogo," Dedan akasema.

"Ni mbao za ukuta hizi, huku na huku," akajibu Vénant. "Nikikata mbao, dari itatujia. Vuta tumbo, baba."

Dedan akaingiza kichwa. Ukumbi ukavuta pumzi kwa hofu, maana wazee kadhaa walimkumbuka. Yakafuata mabega, moja moja. Kisha kifua. Kisha likaja tumbo, na tumbo likasema hapana.

Akasukuma. Akavuta. Vénant akamshika mikono, akaweka mguu ukutani, akavuta. Wapi!

"Nimekwama."

"Tulia," akasema Mama Bosibori. Akaburuta kiti chake mpaka mbele ya shimo, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mwanawe. Wakatazamana. Mikono ya yule mzee ilitaka kwenda kwenye lile paji la uso. Ilinyanyuka kidogo. Akairudisha kwenye fimbo.

"Ulijua nilikuzika?"

"Nilijua, Mama."

"Ulijua, na hukuja."

"Niliona haya."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unaona haya? Haya gani haichoki?"

Dedan akainamisha uso. Chozi likamtoka, likaingia kwenye unga wa chaki, likaacha mstari.

"Mama, niite," akasema. "Niite jina langu nitoke. Nirudi nyumbani. Nirudi kwa mke wangu."

Kwenye neno hilo watu wakamgeukia Mark. Mark alikuwa ameshika mkoba wa Nyaboke kifuani, kama mtu aliyeachiwa mzigo kituoni.

Na ndipo nyuma ya ule mwili uliokwama, kutoka stoo, sauti ya Nyaboke ikapenya palipobaki upenyo.

"Mama! Unanisikia?"

"Nakusikia, binti yangu."

"Ulininyoa kwa mkono wako. Ukaniambia nimemaliza. Umekuja safari yote hii kuniambia tena nimemaliza. Ukimwita Dedan, mimi sijamaliza. Nitakuwa mke wa huyu tena, kwa sababu amechoka kuwa amekufa. Basi mimi nitabaki humu stoo. Mtaniletea chakula kwa hilo shimo."

Hakuna aliyecheka.

Mama Bosibori akamwinamia mwanawe. Akamfuta unga kwenye nyusi kwa ncha ya leso yake, polepole, kama anavyofutwa mtoto mchanga. Kisha akasimama, akaegemea fimbo, akavuta pumzi.

"Wewe unayetoka ukutani," akaita, sauti ikajaza ukumbi, "nakuzaa leo. Nakuita Method."

"Mama!"

"Method! Nakuita mara ya pili. Dedan nilimzika, yuko pale shambani, na mgomba wake umeota. Method, nakuita mara ya tatu! Umezaliwa leo Jumapili, hapa Richardson. Utakuja kwangu ukitaka, nitakupa uji. Lakini mtoto aliyezaliwa leo hana mke."

Lo! Ukumbi ulilipuka. Vigelegele vikapigwa. Mzee wa kanisa akasema aleluya kabla hajajiuliza kama inafaa. Mark akauachia mkoba, akakimbilia kwenye ukuta, akapiga magoti penye upenyo. "Nyaboke! Umesikia? Jumamosi ipo!"

Ndani ya stoo Nyaboke aliteleza ukutani mpaka chini, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Mbele yake ilibaki suruali ya Method na soli mbili za viatu zikichezacheza. Kilichobaki ni mtu huyo atoke tu, basi, mlango ufunguliwe.

"Vuta pumzi, Method," akasema Vénant, akitemea viganja mate. "Tuseme moja, mbili..."

Mlango mkubwa wa ukumbi ukafunguliwa kwa kishindo.

Mwanamke akaingia. Mrefu, kitenge cha maua makubwa, mfuko wa mihogo kila mkono. Akatazama ukumbi uliojaa, kamera, vumbi jeupe, na kichwa chenye upara kilichochomoza ukutani kama saa.

"Samahani," akasema. "Mimi naitwa Zoé. Niko natafuta bwana yangu. Tulitoka naye Houston asubuhi, akaniacha ku duka ya mihogo, akasema anarudi sasa hivi, na gari yake naiona hapa nje. Bwana yangu anaitwa Method."

Vigelegele vikakatika. Kimoja tu kiliendelea, cha bibi asiyesikia vizuri, kisha nacho kikafa.

Mama Bosibori akakaa chini bila kutazama kama kiti kipo.

Zoé akaweka mihogo sakafuni. Akausogelea ukuta, akainama, akachungulia palipobaki upenyo, pembeni ya tumbo lililokwama. Akaona sketi. Akaona mwanamke aliyekaa chini, nywele zimevurugika, macho yamevimba.

"Method," akauliza, na sauti yake ilikuwa tamu mno, "huyu mwanamke mwenye kujifungia na wewe mu stoo, ni nani?"

Mark, aliyekuwa bado amepiga magoti, akainua uso polepole. Akamtazama Zoé. Akautazama ule mlango usio na kitasa.

"Nyaboke," akasema. "Huo mlango ulijifunga wenyewe, au ulifungwa?"

Nyaboke akafungua kinywa kujibu. Lakini Method, kwa hofu, alisukuma mbele kwa nguvu zake zote, tumbo likalijaza lile shimo, likaziba upenyo wote. Kilichotoka mle ndani kikawa mnong'ono tu, kama mtu anayesema chini ya maji.

Ukumbi mzima ukamgeukia mtu pekee aliyekuwa na jibu na kinywa cha kulitolea.

Khm, akafanya Method. Khm.

Cha tatu kiligoma kutoka.